Ng'ombe wa Moshi

Moshi wa Mlima Elgon ulikuwa unakwenda Uganda, na Nelima alikuwa anautazama ukienda. Aliutazama kwenye kompyuta, katika ofisi iliyo juu ya duka la mbolea mjini Kitale, viatu amevivua chini ya meza kwa sababu ya joto la Februari. Ulikuwa utando mwembamba wa kijivu. Ulianzia kwenye nyasi kavu za juu kabisa mlimani, ukanyooka kuelekea magharibi, ukavuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho. Setilaiti ilituma picha mpya kila baada ya muda mfupi, na ukizipitisha picha hizo haraka haraka, uliuona moshi ukitembea.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Moto ukiwaka msituni au nyikani, yeye na mwenzake Sandra waliufuata moshi kwa picha za angani, wakajua unaelekea wapi, kisha wakatuma ujumbe kwenye simu za watu wa huko: fungeni madirisha, wenye pumu wakae ndani, wazee wasizurure nje. Kazi nzuri, tena haina matope. Ugumu ulikuwa kuieleza nyumbani. Baba yake, mzee Wabwile, alikuwa amewatangazia waumini wote wa kanisa lao karibu na Lugulu kwamba binti yake anachunga mawingu.

Simu ikalia. Alikuwa mama yake, Nakhungu, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi na magurudumu ya kitanda kinachosukumwa.

"Nelima, moshi imetumaliza huku."

"Moshi gani, mama?"

"Moshi gani tena? Si hii ya mlima! Tangu jana jioni kukhu hawezi kupumua. Tumemleta hospitali ya misheni, wamemwekea oksijeni kwa pua."

Nelima alisimama bila viatu. Kukhu, mama wa baba yake, ndiye aliyemlea mpaka akaingia shule, na mapafu yake yalikuwa na matatizo ya miaka mingi. "Anaongea?"

"Anaongea. Anauliza nani amefungia kuku."

Akiuliza kuku, basi bado yupo. Nelima akashusha pumzi, na hapo ndipo akasema jambo ambalo angelinyamazia, siku ile ingepita kwa amani zaidi. "Lakini mama, moshi wa mlima haujafika huko. Unaenda Uganda. Niko nao hapa, nauona."

Simu ikabadilisha mkono.

"Unaona ukiwa wapi?" Ilikuwa sauti ya Wabwile, na alikuwa anasema kwa nguvu kama mtu anayetaka ukumbi mzima wa hospitali umsikie. "Wewe uko Kitale, sisi tuko ndani ya moshi! Macho yetu inatoka machozi! Sasa nani anajua, ni mtu ako kwa moshi ama ni mtu ako kwa kompyuta?"

"Baba, mimi nasema tu picha—"

"Picha, picha! Hao wakwe zako wakikuja Jumamosi watanieleza kuhusu hiyo moto yao. Mama yangu hawezi kulazwa na moshi ya watu, halafu nikae nao chini nikunywe chai ati tunaongea mahari. Haiwezekani bana."

Akakata. Nelima alibaki na simu sikioni, akitazama kwenye kioo moshi uliokuwa unaendelea na safari yake ya Uganda bila wasiwasi wowote. Wakwe hao walikuwa watu wa Kapsokwony, huko mlimani, wazazi wa Kiptanui, mkulima wa vitunguu aliyemchumbia. Mazungumzo ya Jumamosi yalikuwa yamechukua muda mrefu kupangwa, kwa sababu watu wa mlimani na watu wa chini huwa na mengi ya kukumbushana kabla ya kufika kwenye ng'ombe. Sasa yangeanza na moshi.

*

"Lugulu tulituma onyo?" Sandra aliuliza asubuhi iliyofuata. Alikuwa mkubwa wa ofisi ile ya watu wawili, na aliuliza kwa upole, jambo lililomchoma Nelima kuliko kama angefokewa.

"Hatukutuma. Hakukuwa na moshi."

"Na bibi yako amelazwa kwa moshi."

"Amelazwa."

Sandra alichukua kikombe chake cha chai akakizungusha mkononi. "Basi tuliukosa, Nelima. Hukosekana. Kukiwa na wingu juu yake, au ukishuka chini wakati wa jioni. Angalia tena, lakini usijiue."

Hakujiua, ila alijilaumu vya kutosha. Majirani wa nyumbani walikuwa wameanza kumpigia simu. Mmoja alimwuliza kwa kejeli kama ujumbe wa onyo unatumwa kwa watu wa Kitale peke yao. Mwingine alitaka kujua kama serikali itaendelea kumlipa. Alijiona mjinga, tena mjinga mwenye mshahara, ambaye alikaa ametazama angani huku moshi ukimwingia kukhu puani.

Akarudi kwenye picha za Jumanne, siku kukhu alipoanza kubanwa. Alizipitia mbele na nyuma. Mlimani moto ulikuwa pale pale, moshi ukienda kule kule, na juu ya Lugulu mchana kutwa hakukuwa na wingu wala utando. Kisha akafungua data ya setilaiti nyingine, zile zinazopita mara chache kwa siku na ambazo badala ya kutafuta moshi hutafuta joto. Kila mahali penye moto huweka nukta nyekundu. Mlimani zilikuwa zimejazana. Kusini, mbali kabisa na zile nyingine, palikuwa na nukta moja.

"Ona hii," alisema.

Sandra akaja akainama. "Hiyo ni moto ya shamba. Mtu amechoma mabua au miwa. Iko wapi?"

"Karibu na Lugulu."

"Basi moshi wa bibi yako ndio huo, si ule wa mlima. Mdogo, uko chini, picha zetu kubwa haziwezi kuuona." Sandra akampiga begani kwa furaha. "Hatukukosa! Ni shamba la nani?"

Nelima akasema hajui, na alikuwa anasema ukweli. Nukta kama ile ni pana, huweza kufunika mashamba ya watu wengi, na pale kijijini kila mtu ana miwa. Alifurahi pia. Alikuwa hana hatia, na watu wa Kapsokwony hawana hatia, na angewaambia wote Jumamosi kabla chai haijamiminwa. Furaha hiyo ilidumu mpaka saa za chakula cha mchana, wakati setilaiti ya tatu, ile yenye macho makali inayopita kila baada ya siku chache, ilipoleta picha yake mpya.

Aliitafuta Lugulu kwenye picha hiyo kama mtu anayetafuta nyumba ya rafiki kwa mara ya kwanza. Hapa barabara ya murram. Hapa bati la kanisa linang'aa. Hapa mto unapinda. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mti mkubwa, na kando yake bati jingine, dogo, lililopata kutu upande mmoja, na upande wenye kutu ulikuwa ni jikoni kwao. Nyuma ya jikoni kulikuwa na shamba la miwa la baba yake. Nusu ya shamba ilikuwa ya kijani. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi tii.

Mashamba ya majirani yote yalikuwa mazima.

Hakuhitaji kuambiwa sababu, kwa sababu amezaliwa huko. Miwa ya baba yake ilikuwa imepitisha wakati wa kukatwa, na kiwanda cha sukari hakikuwa kinaleta trekta, kila siku kesho, kila siku wiki ijayo. Lakini muwa ulioungua haungoji, huharibika upesi, kwa hiyo viwanda huwa vinauchukua kwanza. Basi mkulima aliyechoka kungoja hungojea upepo utulie, akaingia kwenye miwa yake mwenyewe na kiberiti, halafu akatoka akipiga mayowe kwamba amepatwa na ajali. Kila mtu anaijua ajali hiyo. Hakuna anayeisema.

Sandra aliuliza kutoka meza ya pili kama ameshapata mwenye shamba.

"Ni mkulima mmoja tu," Nelima akasema, akaifunga picha.

*

Kiptanui alifika jioni kwa pikipiki, akamkuta chini ya ngazi za ofisi. Alinuka moshi kutoka kichwani mpaka viatuni, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyemenya vitunguu vyote vya shamba lake. Yeye na vijana wa kwao, na wazee pia, walikuwa mlimani wakipiga moto kwa matawi mabichi.

"Umezima?" Nelima aliuliza.

"Umelala. Haujakufa." Akacheka. "Mzee wangu ameungua nyusi. Zote mbili. Ukimwona Jumamosi usicheke, anaonekana kama yai."

Nelima akacheka kabla hajajizuia, na kicheko kikamsaidia kwa muda mfupi sana.

"Baba yako alimpigia simu mzee," Kiptanui akaendelea, akiwa amegeuka kukagua kioo cha pikipiki ambacho hakikuwa na shida yoyote. "Anataka ng'ombe ingine. Kando na zile za mahari. Anaita ng'ombe ya moshi. Ya kuomba msamaha kwa kukhu."

"Mzee wako akasema nini?"

"Akasema sawa."

"Akasema sawa!"

"Si yeye hataki maneno. Alisema ng'ombe moja si kitu, kama italeta amani. Mama ndio amelia kidogo, kwa sababu ni ile ng'ombe yake ya maziwa, hatuna ingine karibu." Akamtazama. "Lakini Nelima, wewe ndio mtu wa moshi. Ni kweli yetu ilifika huko?"

Picha alikuwa ameihamishia kwenye simu, na simu ilikuwa mkononi mwake. Ingetosha kuigeuza tu. Lakini aliona namna habari ile ingepanda mlima: Kiptanui angemwambia mzee, mzee angemwambia mkewe, mkewe angewaambia wanawake wenzake kisimani, na kufikia Jumamosi Wabwile angewapokea wageni ambao wote wanajua yeye ni mwongo. Alikuwa amemkasirikia sana baba yake. Hata hivyo hakutaka achekwe na watu ambao hajakaa nao meza moja.

"Bado naangalia," akasema.

Ulikuwa uongo wa kwanza kumwambia Kiptanui, na aliuona ukimwingia bila shida yoyote, kwa sababu alimwamini.

*

Ijumaa akaenda nyumbani. Kukhu alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, amelazwa kwenye chumba kilicho karibu na sebule, mdogo chini ya blanketi lakini mdomo wake mzima. Alimwuliza Nelima mbona amekonda, kama mwanamume wa mlimani hajui kulisha, kisha akasinzia katikati ya swali lililofuata.

Nelima alimkuta baba yake nyuma ya jikoni, ameegemea kiguzo, akitazama miwa. Ile nyeusi ilikuwa imesimama pale pale, majani yameisha, mabua yamebaki.

"Baba, miwa ilipatwa na nini?"

"Cheche," Wabwile akasema bila kugeuka. "Cheche ya mlima iliruka."

"Ikaruka kutoka mlimani."

"Ndio."

"Ikapita Kimilili yote, ikaruka shamba la mwalimu, ikaruka la kina Derrick, ikakuja kuanguka hapa kwetu peke yetu."

"Upepo unaulizwa maswali?"

Akatoa simu, akaifungua ile picha, akaishika mbele yake. Wabwile aliitupia jicho moja tu. Kisha akaanza kujipapasa mifukoni, shati, suruali, tena shati.

"Sina miwani hapa," akasema, akaondoka kwa haraka ambayo mtu asiyeona vizuri hawezi kuwa nayo.

Jikoni mama yake alikuwa anachambua mchele wa wageni. Hakuinua macho. "Umemwonyesha?"

"Mama, unajua?"

"Mimi ndio nilifua suruali. Ilinuka mafuta ya taa mpaka sabuni ikakataa." Akatupa jiwe dogo dirishani. "Hakutaka kuumiza mtu. Alichoma upepo ukiwa umelala, halafu upepo ukaamka, moshi ikaingia yote kwa nyumba ya kukhu. Alimbeba kwa mgongo mpaka barabarani, Nelima. Alikuwa analia. Kufika hospitali, daktari akauliza ni moshi ya nini. Watu wamejaa pale. Akasema ya mlima. Basi pasta akasikia, akaombea moto ya mlima. Ndugu zake wakasikia, wakasema wakwe lazima walipe. Sasa angerudi nyuma akipitia wapi?"

"Na ng'ombe ya watu?"

"Atairudisha kwa njia yake, polepole. Zawadi ya harusi, kitu kama hiyo."

"Mama Kiptanui analia juu ya hiyo ng'ombe. Na mzee wake ameungua uso akizima moto ambayo haikutufikia!"

Nakhungu akaacha mchele. "Nisikize. Ukimvua baba yako nguo mbele ya wakwe, hao wakwe watakuheshimu wewe na nani? Msichana anatolewa na baba. Hauna mwingine."

Hilo ndilo lililokuwa limemkaa kifuani tangu aione ile picha, na kusikia mama akilisema kwa sauti ya kawaida, akiwa na mchele mapajani, kulimwuma upya. Akakaa chini akaanza kumsaidia kuchambua.

*

Wageni walifika Jumamosi wakiwa wamevaa makoti mazito ya mlimani, na jua la huku chini likawashughulikia. Waliwekwa langoni kwa muda mrefu kuliko kawaida. Walipoingizwa, makochi yalikuwa yamekwisha kukaliwa na ndugu za Wabwile, wakapewa benchi refu la kanisa ambalo halina mahali pa kuegemea. Mzee Kipngetich alikaa katikati, kofia mapajani, na kweli alikuwa hana nyusi. Paji lake la uso lilimetameta, na kila aliposhangaa mtu hangeweza kujua. Mkewe Chepngeno alikaa kando yake, leso imebanwa mkononi.

Msichana hakai kwenye maneno hayo. Nelima alikuwa jikoni, na akasikia kila kitu, kwa sababu ukuta ule ni wa mabati.

"Mulembe, mulembe," Wabwile aliwasalimu. "Karibuni. Lakini kabla hatujafika kwa ile kitu imewaleta, kuna kitu kingine. Mnajua mama yangu alikuwa mgonjwa."

"Tumesikia," Kipngetich akasema. Akasimama. Benchi likalia. "Sisi hatujui moto ilianzia wapi huko juu. Tumepigana nayo. Lakini moshi haina kamba, hatuwezi kuifunga. Kama moshi yetu ilimwumiza mama, tunasema pole. Tumekubali ile ng'ombe. Iko njiani na kijana wangu mwingine."

Nelima aliweka kikombe chini. Mzee yule alikuwa amesimama mbele ya watu wasiomjua, uso umeungua, akiomba msamaha kwa jambo ambalo hakulifanya, na hakuna aliyemwambia akae. Sebuleni ndugu za Wabwile walinguruma kwa kuridhika. Wabwile mwenyewe hakusikika.

Mazungumzo yakaendelea, na baada ya kuvutana kwa heshima ng'ombe wa mahari wakakubaliwa. Ndipo sauti ya Senge Nafuna, shangazi yake, dada mkubwa wa Wabwile aliyetoka Sirisia na ambaye haogopi mtu, ikaita: "Leteni msichana."

Nelima akafunga leso vizuri, akaingia, akasimama katikati ya chumba. Simu aliiacha jikoni juu ya gunia la mahindi. Kiptanui alikuwa mwisho wa benchi, amekaa wima, akimtazama kwa macho ambayo bado yalikuwa mekundu.

"Nelima," Senge akasema. Aliuliza kama inavyoulizwa siku zote, na watu wakatega masikio kama wanavyotega siku zote, ingawa jibu hujulikana. "Unajua hawa watu?"

"Nawajua, senge."

"Wameleta vitu vyao. Baba yako ale ama asile? Sema sasa, usiseme baadaye."

"Ale," Nelima akasema. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele, naye akapandisha sauti juu yao. "Ng'ombe za mahari ale. Ile ya moshi asile."

Vigelegele vikakatika. Ndugu mmoja wa Wabwile akasema huyo msichana ameenda shule sana. Senge Nafuna akamnyamazisha kwa kidole.

"Kwa nini hiyo moja isiliwe?"

"Kwa sababu moshi ya mlima ilienda Uganda. Mimi ndio huifuata, ni kazi yangu. Niliifuata kila siku. Haikufika hapa."

"Sasa iliyolaza mama yetu ilitoka wapi?"

Alikuwa anajua ataulizwa hivyo. Alikuwa amelitafuta jibu lake tangu jana, kwenye mchele, kwenye vikombe, na sasa akalisema. "Hilo silijibu mimi, senge. Mimi nimeulizwa juu ya ng'ombe."

Kisha akamtazama baba yake. Alimpenda sana wakati huo, akiwa amejikunja kwenye kochi lake na tai aliyoazima, na alijua kwamba huenda asisemeshwe naye tena mpaka azeeke. Hakuondoa macho.

Wabwile alitazama mikono yake. Akatazama ndugu zake, ambao walikuwa wameanza kufikiri. Mwishowe akamtazama mzee Kipngetich, lile paji linalometameta lisilo na nyusi, na hapo kitu fulani kikamshinda.

"Ilikuwa yangu," akasema. "Nilichoma miwa. Moshi ilikuwa yangu."

Nakhungu, mlangoni, alifunika uso kwa kitambaa cha kukaushia vyombo. Mzee Kipngetich akachukua kofia mapajani akaivaa, na Nelima akaona miezi yote ya kupanga ikisimama kwenda zake. Mzee akamgeukia mkewe, akamwambia neno kwa lugha yao. Chepngeno akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na ilichukua muda kufahamu kwamba anacheka.

"Mzee Wabwile," Kipngetich akasema. "Mimi nimeunguza nyusi. Wewe umeunguza nini?"

Wabwile akafikiri kwa dhati. "Uso, mzee. Mimi nimeunguza uso."

"Basi tumefanana." Kipngetich akavua kofia tena, akairudisha mapajani. "Kijana, pigia huyo ndugu yako simu. Mwambie arudishe ng'ombe ya mama yako nyumbani. Na mtupee chai, hii koti inaniua."

Watu wakacheka, kwa nguvu kuliko maneno yenyewe yalivyostahili, na vigelegele vilivyokatika vikarudi. Senge Nafuna aliwainua ndugu wawili kwenye kochi kwa kuwatazama tu, akawakalisha wageni mahali penye mgongo. Kiptanui alimtazama Nelima na kutikisa kichwa polepole. Alikuwa na maneno ya kumwambia kuhusu ile "bado naangalia", na angemwambia, lakini si leo.

Katikati ya kicheko hicho Wabwile aliinuka. Alipita kando ya Nelima bila kumtazama, ila mkono wake ulimgusa begani na kukaa hapo kidogo, akaendelea mpaka chumbani kwa mama yake. Aliurudisha mlango nyuma yake, nao ukafunguka tena wenyewe, nusu.

Ndiyo maana wote walimsikia, wa mlimani na wa chini, wakiwa na vikombe mikononi, mtu mzima akimwambia mama yake nisamehe, ni mimi, nilichoma mwenyewe ili kiwanda kije haraka. Kukhu alikohoa kwanza, kikohozi kirefu. Kisha akauliza.

"Na walikuja?"

"Hawakukuja, mama."

Kukhu akajivutia blanketi kifuani.

"Basi funga huo mlango," akasema. "Wageni wanasikia."